Kura iliyomgharimu Muliro uwaziri: nusu karne ya kuwauliza mawaziri

Juni 2025 ilitimia miaka 50 tangu mbunge wa Kitale East, Masinde Muliro, afutwe kazi ya Waziri wa Ujenzi kwa sababu ya kura moja. Hakushtakiwa kwa wizi wala uzembe. Alisimama Bungeni upande wa wale walioitaka serikali, serikali yake mwenyewe, ieleze mbunge mwenzao aliuawaje, na Rais Jomo Kenyatta akamwondoa mara moja. Ripoti iliyopigiwa kura siku hiyo ilikuwa imetayarishwa na kamati iliyoongozwa na jirani yake, Elijah Mwangale wa Bungoma East.

Jina la Muliro halijapotea. Liko kwenye uwanja wa michezo wa Kanduyi mjini Bungoma, liko kwenye bustani ya Kakamega na kwenye chuo kikuu cha mji huohuo. Wengi hulitaja wakikumbuka mikutano ya vuguvugu la upinzani la FORD ya 1991 na 1992. Kura ya 1975 haitajwi sana, na hilo linaniuma, kwa kuwa katika mwaka ule mmoja watu wawili wa nchi hii iliyo chini ya Mlima Elgon walionyesha swali la mbunge linaweza kufika wapi, na gharama yake ni ipi.

Desturi yenyewe ilikuja na Waingereza. Bunge lao lina kumbukumbu ya swali kwa serikali tangu 1721. Hapa Kenya, Baraza la Kutunga Sheria lilikutana mara ya kwanza mwaka 1907 bila Mwafrika hata mmoja, na hali ikabaki hivyo hadi Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944. Walowezi wa Trans-Nzoia walikuwa na mtu wao, Meja Albert Keyser, aliyefikia kuwaongoza wajumbe wa Kizungu waliochaguliwa. Mlowezi wa Kitale mwenye malalamiko ya reli au bei ya mahindi alijua amtume nani akaulize. Mkulima wa Kimilili hakuwa na wa kumtuma.

Alimpata Machi 1957. Waafrika wanane walichaguliwa kuingia Barazani: Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Daniel arap Moi, Lawrence Oguda, James Muimi, Bernard Mate, na kutoka North Nyanza, Masinde Muliro, mwalimu aliyezaliwa Matili, Kimilili, na kusomea Chuo Kikuu cha Cape Town. Alikuwa amemshinda W. W. W. Awori. Wanane hao walikataa kabisa kupokea uwaziri chini ya katiba ya kikoloni ya Lyttelton. Walichagua kubaki upande wa wanaouliza. Wasomaji na wamkumbuke Moi katika orodha hiyo, maana tutakutana naye tena.

Uhuru ulipokuja, chama cha Muliro, KADU, kilivunjwa mwaka 1964 na wabunge wake wakajiunga na chama tawala, KANU. Bunge likabaki bila upinzani wa chama. Katika hali hiyo, kipindi cha maswali ndicho kilichobaki cha kuisukuma serikali.

Jinsi kilivyokwenda inastahili kuelezwa, kwani vijana wengi hawakukiona. Mbunge aliandika swali lake na kulipeleka kwa Karani wa Bunge, Spika akiliidhinisha likachapishwa kwenye ratiba ya shughuli za siku. Muda ukifika mbunge aliita swali lake, na Waziri au Waziri Msaidizi akainuka: "Bw. Spika, naomba kujibu." Jibu lile la kwanza lilikuwa limeandikwa na maafisa wa wizara, na mara nyingi halikuwa na kitu. Barabara ingetengenezwa fedha zikipatikana, zahanati ingepata dawa karibuni, serikali haikuwa na habari. Kazi ilianza baadaye, kwenye swali la nyongeza. Hapo hakukuwa na karatasi ya kusoma. Fedha zitapatikana lini? Mwaka jana si mlisema hivyohivyo? Mkandarasi ni nani? Waziri asiyeijua wizara yake alijulikana papo hapo, mbele ya wenzake na mbele ya waandishi wa habari waliokaa juu kwenye roshani.

Julai 1974 Kenyatta akaamuru Kiswahili kitumike Bungeni. Swali la barabara ya Chwele likaweza kuulizwa kwa lugha ambayo mwenye matatizo na barabara hiyo anaielewa akilisikia redioni. Naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko linavyohesabiwa na wanaoandika historia ya Bunge letu.

Miezi minane baadaye, tarehe 2 Machi 1975, mbunge wa Nyandarua North, Josiah Mwangi Kariuki, ambaye nchi nzima ilimwita J. M., alionekana kwa mara ya mwisho akitoka Hoteli ya Hilton jijini Nairobi pamoja na kamanda wa kikosi cha GSU, Ben Gethi. Siku zikapita. Wabunge wakataka kujua mwenzao yuko wapi. Jibu walilopewa na Makamu wa Rais, Moi yuleyule wa 1957, lilikuwa kwamba J. M. yuko Zambia.

J. M. hakuwa Zambia. Mwili wake ulikuwa umeokotwa na mchungaji wa Kimaasai katika vilima vya Ngong na kulazwa katika chumba cha maiti cha jiji, hadi familia yake ilipoutambua. Katika historia yote ya maswali Bungeni sijui jibu lililoporomoka vibaya kama hilo. Kosa la takwimu za barabara husahihishwa wiki inayofuata. Hili lilimhusu mtu aliyekuwa ameketi ukumbini humo siku chache tu kabla.

Bunge liliunda kamati teule na kumpa Mwangale uenyekiti. Hakuwa mzee wa siasa. Kamati yake iliwaita maafisa wa polisi, ikawahoji, ikalinganisha maelezo yao, na ikaandika bila kuficha kwamba polisi walikuwa wakiuzima ukweli. Iliwataja watu waliostahili kuchunguzwa zaidi, akiwemo Gethi. Rasimu ilikuwa na majina mawili mengine: Mbiyu Koinange, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais, shemeji na mwandani wa Kenyatta, na Arthur Wanyoike Thungu wa kikosi cha walinzi wa Rais. Kabla ripoti haijawasilishwa, wanakamati walikwenda kwa Rais, na majina hayo mawili yakaondolewa kwa agizo lake. Ripoti ilifika Bungeni Juni 3, ikiwa imepunguzwa hivyo.

Hapo ndipo serikali ilipojaribu ujanja wa maneno. Hoja iliwataka wabunge waikubali ripoti. Serikali ikataka irekebishwe ili Bunge liitambue tu, jambo ambalo lisingemlazimisha yeyote kufanya lolote. Ilikuwa vuta nikuvute. Mawaziri na wasaidizi wao walitarajiwa kupiga kura pamoja, kwa kuwa serikali huwajibika kama mtu mmoja. Anayepinga hujiuzulu kwanza, kisha hupinga. Ndiyo desturi, na watetezi wa Kenyatta walikuwa na haki ya kuitaja.

Muliro hakujiuzulu kwanza. Alibaki kwenye kiti chake na akapiga kura na wabunge wa nyuma. Mawaziri wasaidizi wawili, John Keen na Peter Kibisu wa Vihiga, wakafanya kama yeye. Serikali ikashindwa kwa kura 62 dhidi ya 59.

Zihesabu tena. Tofauti ni tatu, na waliotoka serikalini walikuwa watatu. Wangebaki na wenzao, serikali ingeshinda. Kura ya Kitale East ilikuwa na uzito ambao kura chache zimewahi kuwa nao katika Bunge la Kenya. Wote watatu wakafutwa kazi.

Wapo wanaosema kwamba ripoti haikusaidia chochote, kwa sababu hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji ya J. M. Sikubaliani nao. Bila kamati ya Mwangale tusingekuwa na maandishi rasmi ya nani alikuwa wapi na polisi walisema nini. Na bila kura ya Muliro maandishi hayo yangebaki karatasi iliyotambuliwa tu. Serikali yenyewe ilijua uzito wake, la sivyo isingewaadhibu waliouliza kama ilivyofanya miezi iliyofuata.

Oktoba mwaka huohuo Martin Shikuku wa Butere alisema Bungeni kwamba kuna wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney, aliyekuwa kitini, alisema hakuna haja ya kuthibitisha jambo lililo wazi. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Mwaka 1976 Chelagat Mutai wa Eldoret North, msichana aliyekuwa ameingia Bungeni akiwa na miaka 24, alifungwa gerezani. Mwaka 1977 ikawa zamu ya George Anyona wa Kitutu East, aliyekuwa akiibana serikali kuhusu zabuni ya mabehewa ya reli. Naye alikamatwa palepale Bungeni. Swali la mabehewa! Ni swali la huduma ya umma kama maswali mengine yote, na Kitale, mji ulio mwisho wa reli, ulikuwa na haki ya kusikia jibu lake.

Na Mwangale? Alipanda. Chini ya Moi akawa waziri, na Juni 1983 ndiye aliyesimama Bungeni na kumtaja waziri mwenzake, Charles Njonjo, kuwa "msaliti" ambaye Rais alikuwa amemsema bila kumtaja. Baadaye akawa Waziri wa Mambo ya Nje, kisha wa Kilimo. Nasikitika kuandika kwamba mwenyekiti wa 1975 aliishia kuwa nguzo ya serikali iliyowanyima wengine nafasi ya kuuliza. Katika miaka hiyo aliyeshika kazi ya zamani ya Bungoma, ya kuuliza, alikuwa Lawrence Sifuna wa Bungoma South, mmoja wa wale wabunge saba ambao Njonjo aliwabandika jina la masista wenye ndevu. Wapiga kura wa Kimilili, jimbo lake la wakati huo, walimwondoa Mwangale mwaka 1992 na kumchagua Mukhisa Kituyi. Muliro hakuuona uchaguzi huo. Alifariki Agosti 14 mwaka huo, alipotua Nairobi kutoka London.

Tangu hapo hadithi inakwenda haraka. Vyama vingi vilirudisha makali ya maswali, na kuanzia 2008 runinga ikatuonyesha moja kwa moja mawaziri wakitafuta majibu. Katiba ya 2010 ikawatoa mawaziri Bungeni: hawawezi tena kuwa wabunge, na kipindi cha maswali cha zamani kikakoma baada ya uchaguzi wa 2013. Maswali yakahamia kwenye kamati, ambako mwenyekiti huandika barua na kungoja jibu kutoka wizarani. Mbunge aliyeulizwa na watu wa Webuye kuhusu kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kilichofungwa 2009, hakuwa tena na waziri wa kumkazia macho.

Mabunge ya kaunti nayo yalipewa uwezo wa kuwaita mawaziri wa kaunti na kuwahoji. Mwaka 2015 Bungoma ilipojulikana Kenya nzima kwa wilibaro kumi, kila moja Sh109,320, wananchi waliuliza kwa sauti kuliko wawakilishi wao wa wadi. Hilo halikuipa kaunti yetu heshima.

Mwaka 2023 kanuni za Bunge zilibadilishwa, na mawaziri wakaanza tena kuingia ukumbini kujibu. Spika wa Bunge la Taifa ni Moses Wetang'ula, mwana wa Bungoma. Niliyaunga mkono mabadiliko hayo na bado nayaunga mkono. Lakini waziri wa leo si mwenzake mbunge. Hapigi kura humo, na akishajibu huenda zake. Tena maswali ya nyongeza, uti wa mgongo wa kipindi kile cha zamani, mara nyingi hugeuzwa kuwa shukrani kwa waziri kwa kuitembelea kaunti.

Mwanga ulionekana mwaka 2024. Wakulima walipogundua kuwa wameuziwa mbolea feki katika mpango wa serikali wa mbolea nafuu, mbunge wa Bumula, Jack Wamboka, alileta hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kwa mkulima wa mahindi wa Trans-Nzoia au Bungoma hakuna huduma ya serikali iliyo karibu naye kuliko hiyo. Mei 2 wabunge 149 waliunga mkono hoja, 36 wakapinga. Kamati ya watu 11 ikaundwa kuchunguza, na siku 11 baadaye, wanakamati saba dhidi ya wanne, ikaamua kwamba madai hayakuthibitishwa. Mambo yakaishia hapo.

Kamati hiyo ilikuwa na yote ambayo Mwangale hakuwa nayo: katiba inayoilinda, kamera, mawakili, na Rais asiyeweza kuwaita ili wafute majina. Hakuna mwanakamati aliyekuwa na hofu ya kuwekwa kizuizini. Linturi aliondoka uwaziri Julai 11, Rais William Ruto alipolivunja baraza lake lote la mawaziri. Waliomsukuma Rais kufanya hivyo walikuwa vijana waliokuwa wakiandamana barabarani, wa Kitale na Bungoma wakiwemo. Wakati huo mahindi yaliyopandwa kwa mbolea ile yalikuwa yameshaota, pale yalipoota.