Nyumba Iliyobaki na Nyumba Iliyopotea: Matembezi ya Georgetown

Mwanafunzi wa Kiswahili akisikia "mji mkongwe", huwaza Lamu au Unguja: vichochoro, milango ya nakshi, kuta za mawe zilizopakwa chokaa. Hapa kwetu Washington pia tuna mji mkongwe, tena wenye umri mkubwa kuliko Washington yenyewe. Georgetown ilianzishwa mwaka 1751, wakati wa koloni la Maryland, kwenye mteremko unaoshuka hadi mto Potomac. Ilikuwa bandari ya tumbaku. Mji mkuu wa Marekani ulipangwa miaka 40 baadaye, na mwaka 1871 Georgetown ikamezwa nao.

Georgetown haina stesheni ya treni, kwa hiyo shuka Foggy Bottom, uvuke kijito cha Rock Creek kwa miguu, ufuate Mtaa wa M. Unapotembea, jiulize swali moja: kwa nini nyumba hii imebaki, na ile nyingine haipo?

Kituo cha kwanza kinajibu sehemu ya swali. Nyumba ya mawe iitwayo Old Stone House ilianza kujengwa mwaka 1765, na leo inatunzwa na idara ya hifadhi za taifa. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba hapo ndipo palipokuwa na hoteli ya Suter, ambamo George Washington alikutana na wenye ardhi mwaka 1791 kuzungumzia mji mpya. Imani hiyo haikuwa sahihi. Lakini kwa sababu yake nyumba haikubomolewa, na mwaka 1953 serikali ikainunua. Nyumba ya fundi wa kawaida iliokolewa na jina la mkubwa ambaye hata hakuhusika nayo.

Sasa panda kilima kwa barabara ya Wisconsin hadi Dent Place, kwenye mtaa wenye nyumba za bei kubwa. Hapa aliishi Yarrow Mamout, Mfulani Mwislamu kutoka Afrika Magharibi. Aliletwa Maryland kwa meli ya watumwa mwaka 1752, akiwa kijana wa miaka 16 hivi, akaitumikia familia ya Beall kwa zaidi ya miaka 40. Kazi yake ya mwisho utumwani ilikuwa kufyatua matofali ya nyumba ya bwana wake. Alipoachwa huru, mwaka 1796, alikuwa na umri wa miaka 60.

Alianza upya. Alifanya vibarua, akadunduliza dola 100, akamwekesha mfanyabiashara mmoja. Mfanyabiashara akafa na fedha zikapotea. Akadunduliza tena, akampa mwingine, naye akafilisika. Mara ya tatu alinunua hisa za benki. Mwaka 1800 akanunua kiwanja hapo Dent Place. Watu wa mji walimjua kuwa hali nguruwe, hanywi pombe, na humsifu Mungu waziwazi barabarani. Mwaka 1819 Charles Willson Peale, mchoraji aliyewachora marais, alikuja kumchora. Wakati huo ilisemekana kwamba Yarrow alikuwa amepita miaka 130! Wanahistoria wa leo wanakadiria 83. Alifariki mwaka 1823, na taarifa ya kifo chake ilisema alizikwa kwenye pembe ya bustani yake, mahali alipozoea kusali.

Nyumba yake haipo tena. Mwaka 2015 wataalamu wa akiolojia walichimba kiwanja hicho, lakini kaburi halikupatikana. Mtu aliyefyatua matofali ya wengine hakuachiwa hata tofali la kwake. Kilichobaki ni karatasi na picha mbili: ile ya Peale iko Philadelphia, na nyingine, iliyochorwa na James Alexander Simpson mwaka 1822, iko kwenye maktaba ya umma ya Georgetown, karibu kabisa na Dent Place.

Geuka mashariki, ushuke kuelekea Rock Creek. Upande huu uliitwa Herring Hill, kwa jina la samaki waliovuliwa kijitoni, na ulikuwa mtaa wa Waamerika Weusi. Katika Mtaa wa 29 lipo kanisa la Mount Zion. Ushirika wake ulianza mwaka 1816, Waumini Weusi walipochoka kubaguliwa katika kanisa la Wazungu wakajitenga. Jengo la sasa ni la mwaka 1884. Mbele kidogo, Mtaa wa 27, kuna makaburi mawili yaliyopakana. Moja lilimilikiwa na Female Union Band Society, umoja ulioanzishwa mwaka 1842 na wanawake Weusi walio huru ili kuuguzana na kuzikana. Sisi tungeuita chama cha kufa na kuzikana. Miaka ya 1970 ilibidi watu waende mahakamani ili makaburi hayo yasigeuzwe kiwanja cha majengo.

Wenyeji wa Herring Hill walikwenda wapi? Kuanzia miaka ya 1930 watumishi wa serikali wenye fedha walianza kuzinunua na kuzikarabati nyumba, na kodi zikapanda. Mwaka 1950 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kulinda sura ya Georgetown ya kale. Sheria hiyo ililinda kuta na madirisha. Haikumlinda mpangaji.

Anayeijua Unguja hatashangaa. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini watumwa walioachwa huru, wachukuzi na wavuvi wengi waliishi Ng'ambo, katika nyumba za miti na udongo. Jiwe hudumu kuliko udongo, na mwenye jiwe ndiye mara nyingi anayekumbukwa.

Kwa hiyo ukitembea Georgetown, tazama kuta, kwa kuwa ni nzuri kweli. Kisha ingia maktabani umtazame mzee Yarrow usoni, na ushuke hadi makaburini usome majina yaliyosalia kwenye mawe. Nusu ya mji huu haina ukuta wa kuonyesha.