Kete Sitini na Nne: Tarehe ya Bao Kando ya Ghuba ya Speke

Saa kumi alasiri, jua likianza kulegea, kivuli cha mwembe ulio nyuma ya maduka ya nafaka hapa Magu mjini hujaa watu. Wanaocheza ni wawili tu, wamekalia vigoda, ubao katikati yao. Waliobaki, kumi au kumi na wawili, ni wasemaji. Mzee mwenye kofia ya pama anatia kete moja shimo la tatu kutoka kushoto kwake. Ng'ambo ya shimo hilo mwenzake ana tano. Anazikomba zote, anaanzia kichwa cha kulia, shimo la ukingoni, moja moja, ya tano inaingia shimo la nne. Shimo hilo lina kete zake, na ng'ambo ziko tatu. Anakula tena. Zile tatu nazo zinaanzia kichwa kilekile, zinaishia shimo la sita, ambalo mbele yake ni peupe. Anazoa zilizomo, nne, anaendelea nazo kushoto, na ya mwisho inadondokea shimo tupu.

"Amelala," wanasema watu wawili kwa pamoja, mzee hata hajainua mkono.

Kwa mkupuo huo kete nane zimehama jeshi. Zilikuwa adui, sasa ni askari wake mzee, na zamu ijayo atazituma zikawale ndugu zao. Hapo ndipo bao linapoachana na michezo mingine ya vita niliyopata kuisoma. Kete hazifi. Mchezo unaanza na kete 64, thelathini na mbili kwa kila upande, na unakwisha zikiwa 64 zilezile. Aliyeshindwa ni yule aliyebaki na safu ya mbele isiyo na kitu, hata kama nyuma bado anazo.

Nimetaja michezo mingine kwa sababu iko, na ina vitabu. Mwaka 1812 ofisa wa Prussia aitwaye von Reisswitz alimpelekea mfalme wake meza ya kuchezea vita, yenye vilima na mito ya kupangapanga. Mwanawe akaitoa mezani, akaiweka juu ya ramani, na mwaka 1824 akachapisha kanuni zake, Kriegsspiel: vipande vya rangi mbili, dadu za kuamua nani kauawa, na mwamuzi anayejua siri za pande zote. Mwaka 1913 H. G. Wells, mwandishi wa Kiingereza, akatoa kitabu kidogo, Little Wars, cha watu wazima kutambaa sakafuni wakipigana kwa vinyago vya askari na mizinga ya springi inayorusha vijiti. Mwaka mmoja baadaye vita vya kweli vikaanza. Donald Featherstone, aliyekuwa askari wa vifaru, akaandika War Games mwaka 1962, na kutoka hapo burudani hiyo ikawa na maduka, vilabu na makabati ya vinyago vilivyopakwa rangi kwa brashi ya unywele mmoja. Kampuni ya Uingereza iitwayo Peter Pig inauza hata kanuni za AK47 Republic, za vita vya nchi za Kiafrika ambazo hazimo katika ramani yoyote. Mtu wa Magu akisikia hilo hucheka kwanza, halafu hunyamaza.

Sisi hatuna kitabu. Tuna wasemaji chini ya mwembe.

Sasa tarehe yenyewe. Kabla bao la Kiswahili halijafika kando ya ghuba hii, Wasukuma walikuwa na la kwao, isolo. Jina hilo lina ukoo mrefu: Wachaga wana soro, Rwanda igisoro, Waluba wa Kongo kisolo, Zambia chisolo. Umri wake ni shida kuusema, maana ubao huoza na mashimo ya kuchimba vumbini hufutwa na mvua ya kwanza. Kule Hyrax Hill, Nakuru, mabao yamechongwa kwenye mwamba, yanaonekana hadi leo. Huku kwetu miamba ni mingi kuliko watu waliokwenda kuitazama. Lililo wazi ni kwamba isolo haikuwa mchezo mmoja. Kulikuwa na ya wavulana, kulikuwa na ya wanawake, na ya wanaume, kila moja na kanuni zake. Walter Driedger alipoandika juu ya bao la Afrika Mashariki katika jarida la Tanzania Notes and Records, mwaka 1972, mambo ya namna hiyo ndiyo aliyokuwa akiyaokota.

Bao la pwani nalo ni mtu mwingine. Lina mashimo yaleyale, safu nne za mashimo manane, lakini lina jambo ambalo wenzake wengi hawana: huanzi na jeshi lote uwanjani. Unaanza na kete kumi tu ubaoni, sita zikiwa ndani ya nyumba, lile shimo la mraba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata. Ishirini na mbili unazo kando, unazinamua moja moja. Hadi ziishe, hamjaingia awamu ya mtaji. Ni vita ambavyo askari wanawasili huku mapigano yakiendelea, na aliyemaliza kazi kabla ya mtaji, mkononi, anatamba wiki nzima. Mombasa, Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alikwishatunga shairi la bao, na mpaka leo jina lake Bao Naligwa linatajwa kila panapozungumzwa mchezo huu. Kwa hiyo karne mbili nyuma wapwani walikwishalijua kiasi cha kulitumia kwa mafumbo.

Liliingiaje huku? Tazama ramani. Kageye, kijiji cha wilaya hii hii ya Magu, ndiko msafiri Stanley alikofikia Februari 1875, na kutoka ufukwe huo, tarehe 8 Machi, akaishusha mashua yake Lady Alice ziwani. Hakukuta mwitu mtupu. Alimkuta Songoro, mfanyabiashara kutoka pwani aliyekuwa akiunda jahazi; ndiye aliyekuja kuuawa Ukerewe Desemba 1877 pamoja na wamisionari wawili wa shirika la CMS. Frederick Barker, kijana wa Kiingereza aliyekuja na Stanley, alifia Kageye na kuzikwa huko. Historia ya shule inaishia hapo, kwa mashua na makaburi. Mimi nawaza wale ambao vitabu havikuwataja: wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma waliokwenda pwani na kurudi, na waungwana wa misafara waliokaa Kageye miezi wakisubiri pembe za ndovu. Watu wanaosubiri pembe za ndovu kwa miezi wanafanya nini alasiri? Sina hati, ila nina akili za kawaida.

Wajerumani waliweka kituo Mwanza mapema miaka ya 1890. Maofisa wao walitoka katika jeshi lililofunza vita kwa michezo iliyotokana na Kriegsspiel ya von Reisswitz. Lettow-Vorbeck, aliyewaongoza mwaka 1914, aliwahi kutumikia makao makuu ya jeshi Berlin. Basi kwa miaka ishirini na kitu, ufukwe mmoja ulikuwa na wazee wa isolo na mabwana wa dadu. Tarehe 14 Julai 1916 majeshi ya Waingereza yalishuka kutoka ziwani yakaitwaa Mwanza. Watu wetu walihesabiwa katika vita vile kama kete za mkononi, wakatiwa ubaoni mmoja mmoja wakiwa wamebeba mizigo ya wenyewe, na wengi hawakurudi. Sitaki kukaa sana hapo.

Kilichofuata ni pamba, na pamba ndiyo iliyolikuza bao la Magu. Mwaka 1955 vyama vya wakulima vya kanda hii viliungana kuwa Victoria Federation, chini ya Paul Bomani na wenzake, na msimu wa kuuza ulileta watu mizanini kutoka vijiji vya mbali. Mizigo ikifika asubuhi hupimwa jioni, au kesho. Babu yangu mzaa baba alikuwa akilala juu ya matita yake ya pamba ili yasitembee usiku, na mchana alicheza. Alisema ni kwenye foleni ya pamba alikojifunza kunamua, kutoka kwa dereva wa lori aliyekuwa ameishi Tabora. Alipokwenda sokoni alikuwa mtu wa isolo. Aliporudi nyumbani, isolo akaiita mchezo wa watoto. Bibi alichukia neno hilo kwa miaka thelathini.

Hapa niseme jambo moja la pembeni, ambalo kwangu si la pembeni. Mgeni akiuliza mchezo wa vita wa Wasukuma, wengi watamwonyesha ngoma. Bagika na Bagalu, vyama viwili vilivyotokana na waganga wawili wa karne ya kumi na tisa, hushindana baada ya mavuno. Hawapokezani zamu: wote huanza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huyu na nyoka, yule na fisi, kila mmoja na dawa zake za kuvuta watu. Anayeshinda ni yule ambaye watazamaji wengi wamesogea upande wake. Basi. Kule Bujora, Kisesa, ambako Padre David Clement kutoka Kanada alianzisha makumbusho ya Wasukuma, mashindano hayo hufanyika kila mwaka katika sikukuu ya Bulabo, na yeyote anaweza kwenda kuona. Nilipoyaona mara ya kwanza nikiwa mtu mzima ndipo nilipouelewa mwembe wetu. Prussia walihitaji mwamuzi mwenye kitabu. Kwetu hukumu iko kwa waliosimama. Ukitia kete pasipostahili, ukaanza kichwa cha kushoto ulipokula kwenye kimbi cha kulia, shimo la pili kutoka kichwani, huna haja ya kusoma kifungu. Watu saba watakwambia urudishe, na mmoja atakukumbusha kwamba hata mwaka jana ulifanya hivyo.

Ubaya wake nao upo. Wasemaji hufundisha mchezo wa watu. Nimeona mchezaji mwenye nyumba nzuri akishawishiwa na kelele aisafirishe mapema, ikapita kando nzima ya ubao ikagawanyika ovyo, na walioishauri ndio wa kwanza kumcheka. Bingwa wa kweli, Zanzibar au Magu, ni yule ambaye masikio yake yamezibwa na hesabu. Alex de Voogt, Mholanzi aliyewachunguza mafundi wa Zanzibar na kuandika tasnifu juu yao mwaka 1995, alitaka kujua akili ya mtu inafika wapi katika kupiga hesabu za mzunguko juu ya mzunguko bila kugusa kete. Wazee wangu wa mwembeni hawakumsoma, ila mmoja alipoelezwa kwamba kuna mtu amepewa udaktari kwa sababu ya bao alisema, "Wabeja sana. Na sisi je?"

Mwalimu Nyerere alicheza bao, kila mtu anajua, na Butiama si mbali na hapa. Jambo hilo liliupa mchezo heshima ambayo hakuna waraka ungeipa. Lakini heshima haikuzuia mwaka 1983, kampeni ya Nguvu Kazi ilipoanza na kila aliyeketi kivulini mchana akawa anashukiwa uzururaji. Babu alihamisha ubao ukaenda uani, nyuma ya zizi. Mchezo ukaendelea, ila wasemaji wakapungua, na alilalamika kwamba bila watu wa kupiga kelele hasikii hata kama ameshinda.

Leo mwembeni bao lina majirani. Kwa vijana wa bodaboda ni drafti ya visoda juu ya kipande cha plaiwudi, kwa wengine meza ya puli, kwa wengi simu na mkeka wa kubeti. Bao la Kiswahili bado linajimudu. Mabao yanachongwa, komwe zinaletwa, na mtoto wa darasa la sita anaweza kukufunga ukimdharau. Aliyepotea ni isolo. Juzi nilimsalimia mzee mmoja, "Mwadila, guku," nikamwomba anichezeshe isolo ya wanaume. Akapanga kete, akasita, akapangua, akapanga tena. "Mwanzo naukumbuka," akaniambia. "Kinachofuata ndicho kimenitoroka. Mngeuliza wakati kaka yangu yupo."

Ya wanawake ni mbaya zaidi, na kosa ni langu. Bibi aliicheza na dada zake kwenye mashimo ya vumbi chini ya mnyaa, wakicheka hadi kanga zinawadondoka, nami nikapita hapo nikiwa na begi la shule miaka saba mfululizo bila kuchutama hata siku moja. Bibi amekufa. Mashimo yamefagiwa.

Kama nyumbani kwenu, Kisesa, Kahangara, Lutale au popote ufukweni huku, yuko bibi au babu aliyecheza isolo, nenda na daftari wikiendi hii. Usiulize kama ni mchezo mzuri. Uliza kila shimo linaanza na kete ngapi, mkono unaelekea wapi, kete ya mwisho ikiangukia tupu inakuwaje, na nani alikuwa hafungiki. Kisha andika jina la kijiji na mwaka juu ya ukurasa.