Bata wa Yaya

Mtoto wa dada yangu ana miaka tisa. Juzi alinirudishia simu akaniambia, "Mjomba, gemu yako haina kitu. Unagusa bata, anakufa. Unagusa tena, anakufa." Nilikuwa nimemaliza bando la wiki nikiitafuta hiyo gemu, tena nimepanga foleni ya kuchaji pale kwenye sola, kwa hiyo maneno yale yaliniuma kidogo. Lakini alisema kweli.

Gemu yenyewe ni Duck Hunt. Nintendo waliitoa Japani mwaka 1984, na mwaka uliofuata ikafika Marekani pamoja na mashine yao ya NES. Sisi kule Uvira hatukuwahi kuiona NES. Tulichokuwa nacho, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni PolyStation. Ganda lake limetengenezwa lifanane na PlayStation, hata kifuniko cha sidii kipo, ila ukikifungua unakuta tundu la kuchomeka kaseti. Ndani ni nakala ya Famicom, mashine ya Nintendo ya mwaka 1983. Ilikuja na maneti mbili na bunduki ya plastiki. Mama hakuipenda ile bunduki. Aliifunga kitambaa chekundu mdomoni, ili mtoto akisimama nayo mlangoni mtu asikosee. Baadaye nilisoma kwamba hata Marekani bunduki ya NES ilianza ya kijivu, kisha ikageuzwa kuwa ya rangi ya machungwa, isifanane na silaha. Mama aliliona hilo bila kusoma popote.

Mimi ndiye niliyepiga. Yaya wangu alikaa nyuma yangu kwenye mkeka.

Sasa hiyo niliyompa mtoto kwenye simu ni emuleta, yaani programu inayojifanya mashine ya zamani. Faili ya Duck Hunt nzima ni kilobaiti 24, ndogo kuliko picha moja ya simu. Bando halikuliwa na gemu, lililiwa na matangazo. Unafunga moja, linafunguka lingine.

Kazi hii ya kuigiza mashine si mpya. Mwaka 1997 ilitoka NESticle, ikawawezesha watu wengi kucheza gemu za NES kwenye kompyuta za kawaida. Mwaka 1999 zikaja mbili zilizoigiza PlayStation, ambayo bado ilikuwa inauzwa madukani: bleem! na Virtual Game Station ya Connectix. Sony wakazishtaki zote. Februari 2000 mahakama ya rufaa huko Marekani iliwapa haki Connectix, na uamuzi huo unatajwa mpaka leo. Mwaka uliofuata Sony wakainunua Virtual Game Station, wakaisimamisha. Bleem! nao wakafunga mwaka huohuo, wamechoshwa na gharama za kesi. Sisi tunaosubiri majibu ya mafaili yetu miaka na miaka tunajua kwamba kupewa haki na kubaki umesimama ni mambo mawili.

Tena kuigiza vizuri ni kugumu kuliko watu wanavyodhani. Mashine ya Super Nintendo ya mwaka 1990 ilikuwa na prosesa ya megahezi 3.58. Mtu aliyetengeneza bsnes alieleza mwaka 2011 kwamba kuiigiza bila kosa kunataka kompyuta ya gigahezi 3 hivi, karibu mara elfu moja. Sababu ni kwamba ndani ya mashine ile chipu kadhaa zinafanya kazi kwa pamoja, kama wapiga ngoma, na emuleta ni mtu mmoja anayepiga ngoma zote huku akikimbia kutoka moja kwenda nyingine. Akichelewa kidogo, sauti inakwaruza, au gemu inaganda palepale ulipotaka kushinda.

Ila kwa Duck Hunt shida ni nyingine kabisa. Wengi tulidhani bunduki inarusha kitu kwenye TV. Hairushi chochote. Mdomoni mwake kuna jicho la kuona mwanga, basi. Ukivuta kifyatuo, gemu inafanya skrini yote iwe nyeusi kwa picha moja, halafu picha inayofuata inachora kisanduku cheupe mahali alipo bata. Mashine inachora picha 50 au 60 kila sekunde, kwa hiyo yote yanaisha kabla hujang'amua. Jicho likiona giza kisha mwanga, umempiga. Ndiyo maana kuielekezea balbu hakukusaidia, na sisi tulijaribu.

Hesabu hiyo ilipangwa kwa TV za chogo, zinazochora picha mstari kwa mstari bila kungoja. TV bapa inapokea picha, inaitengeneza kwanza, ndipo inaionyesha. Kuchelewa kwake ni kadogo sana, lakini bunduki imeshauliza na imeshajibiwa hapana. Mwaka jana tulipata PolyStation nzima sokoni, na bunduki yake, tukaichomeka kwenye TV bapa ya kituo cha vijana. Hakuanguka hata bata mmoja. Yule mbwa wa kwenye majani alitucheka jioni nzima. Kwa hiyo ukiwa na bunduki bata hawafi, na ukiwa na simu wanakufa ovyo.

Mwaka 2023 Video Game History Foundation walihesabu wakakuta asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani hazipatikani tena madukani kihalali. Kwa hiyo watu wanaendelea kuzihifadhi wenyewe kwa wenyewe, gemu pamoja na vitabu vya maelekezo. PolyStation yetu haikuwa na kitabu. Cha Duck Hunt nimekisoma hapa kambini, kwenye simu, nikiwa mtu mzima. Kimeandika kwamba katika mchezo wa bata mmoja, mtu wa pili akishika maneti anaweza kumwendesha bata.

Nilikaa kimya muda mrefu. Miaka ile yote niliamini bata wa saa za jioni wana akili kuliko wa mchana. Mchana yaya alikuwa shuleni.

Tulipovuka ziwa kuja Kigoma yeye hakuwa kwenye mtumbwi wetu, na mpaka leo sina wa kumuuliza alijuaje.

Wiki hii nimeazima maneti ya bluetooth kwa kijana wa jirani, nikahangaika na mipangilio mpaka emuleta ikaikubali. Nikampa mtoto simu, nikakaa nyuma yake. Kidole chake kilishuka, bata akapinda kushoto. Akajaribu tena, akakosa tena.

"Mjomba, huyu wa leo ana akili!"

Nikamwambia, "Jaribu tena."