Picha Mbili za Baba

Katika sanduku la marehemu baba nilikuta vipande viwili vya filamu ya slaidi za rangi, pamoja na kifaa kidogo cha kutazamia chenye lenzi mbili. Mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya Uhuru, mgeni mmoja alipita Kifanya na kamera ya macho mawili, akampiga baba amesimama mbele ya shamba la mahindi. Charles Wheatstone wa Uingereza alieleza siri ya picha hizo mwaka 1838: kila jicho huona kwa tofauti kidogo, na ubongo ukiunganisha, ndipo tunapopata kina.

Ufundi huo ulifika kwetu mapema. Mwaka 1860 James Augustus Grant alipiga picha za aina hiyo Unguja, kabla ya kwenda bara pamoja na Speke. Yeye alitumia vioo. Kioo ni kizito na huvunjika, lakini hakijikunji. Filamu ilikuja nyepesi, ikaja na kilema chake: upande mmoja una jelatini, nayo ikikauka husinyaa kuliko plastiki inayoibeba, basi filamu hujikunja kama jani juani. Mwaka 1903 Kodak walitoa filamu iliyopakwa jelatini hata mgongoni, ili pande mbili zivutane sawa.

Za baba zilikuwa zimejikunja. Nilizitia kwenye fremu ya karatasi. Ya kushoto ikachomoka, ya kulia ikakaa mshazari. Nilipotazama, nilimwona baba wawili. Kwa papara niliisogeza ile ya kushoto kwenye jiko la mkaa ili inyooke. Ikazidi kujikunja, ikafanya lengelenge pembeni.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Ilikuwa Julai, upepo wetu mkavu na wa baridi. Nililaza filamu usiku kucha ndani ya kopo lenye kitambaa kibichi, bila kugusana nacho, kisha wiki nzima chini ya vitabu, katikati ya karatasi safi. Mwisho nikazibana kwa vioo vyembamba, kama nilivyorudi kwa Grant.

Sasa baba anasimama mbele ya mahindi, na nyuma yake kuna nafasi ya kupita mtu. Begani pana lile kovu nililomtia mimi. Nikifumba jicho la kushoto kovu hutoweka, lakini baba naye hurudi kuwa bapa kama karatasi. Kwa hiyo natazama kwa macho yote mawili.