Neno la Herufi 28 na Ugomvi wa Zaka

Wanafunzi wangu walilipenda neno antidisestablishmentarianism kwa sababu moja tu: ukilitamka bila kukwama, darasa zima linakupigia makofi. Marekani nako, mwaka 1955, Gloria Lockerman, binti wa miaka 12 kutoka Baltimore, aliliendeleza kwenye shindano la televisheni, akapata umaarufu. Wachache walijali linahusu nini.

Mimi nililifundisha kwa chaki, nikianzia katikati. Establish, yaani kusimika: silabi tatu, mkazo kwenye ya pili, tab. Ongeza -ment, mkazo haubanduki. Hapo unapata kanisa lililosimikwa kisheria, kama la Uingereza, ambalo Bunge lilimtambua Henry VIII kuwa mkuu wake mwaka 1534. Tanguliza dis-, unaling'oa katika dola. Tanguliza anti-, unapinga lising'olewe. Maana imepinduliwa mara mbili na mkazo mkuu hata haujatikisika! Sasa bandika -arian nyuma: mkazo unahama, unatua kwenye tar, silabi ya nane. Hapo ndipo wengi walipoteleza, maana sisi mkazo wetu tunaujua pa kuutafuta, silabi ya pili kutoka mwisho. Kipachike cha mwisho, -ism, hakiusogezi tena.

Nyuma ya viambishi hivyo kulikuwa na mali. Wakatoliki wa Ireland, ambao ndio waliokuwa wengi, walitozwa zaka za kulitunza kanisa la Kianglikana wasilosali, lililosimikwa kisheria huko pia. Miaka ya 1830 wakagoma kulipa, askari wakatumwa, damu ikamwagika. Sheria ya mwaka 1838 ikaihamishia zaka kwa wenye ardhi, nao, kama unavyowajua wenye ardhi, wangeweza kuirudisha kwa mpangaji kupitia kodi. Kwa hiyo hasira haikuisha. Mwaka 1869 serikali ya Waziri Mkuu wa Uingereza, Gladstone, ikapitisha sheria ya kulitenganisha kanisa hilo na dola, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1871. Wales walipata sheria yao mwaka 1914, ila Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha hadi 1920.

England yenyewe, wapingaji, wale wa anti-, ndio walioshinda. Mfalme bado ni mkuu wa kanisa, na maaskofu 26 wana viti katika Baraza la Malodi, wakipigia kura hata sheria zisizohusu dini.