Glasgow ya Seyyid Barghash: merikebu iliyosanifiwa ng'ambo

Ada ya watawala wa Unguja ya kuwakabidhi mafundi wa ng'ambo kazi ya kusanifu na kuunda merikebu zao ni kongwe kuliko Beit el-Ajaib, kwani tangu zama za Seyyid Said bin Sultan karakana za Bombay ndizo zilizomuundia Sultana, iliyotia nanga New York mwaka 1840 ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, na ndizo zilizomuundia Liverpool, manowari ya mizinga 74 ya mwaka 1826, aliyoitoa hidaya kwa mfalme wa Uingereza miaka kumi baadaye.

Mwanawe, Seyyid Barghash, aliirithi ada hiyo katika saa ya dhiki. Tufani ya Aprili 1872 iliziangamiza merikebu zake na kuing'oa mikarafuu mashambani, na mwaka uliofuata, ilipozuru Unguja manowari ya Kiingereza iitwayo Glasgow, Sultani akaitamani, akataka yake mfano wa ile. Kazi wakapewa William Denny na nduguze wa Dumbarton, huko Scotland, waliosifika zaidi kwa meli za biashara kuliko za vita. Nao wakaikamilisha mwaka 1878 kwa pauni 32,735, ikachukua jina lile lile.

Ajabu ya merikebu ile haikuwa katika mizinga yake, bali katika ubavu wake: mataruma yalikuwa ya chuma, na mbao zilizoyafunika zilikuwa za msaji. Chombo cha chuma kitupu kilikuwa madhubuti, lakini katika bahari za joto kiliota majani na makombe upesi, na dawa yake, yaani kulivisha tumbo la chombo mabati ya shaba, haikufaa kwake, kwa kuwa shaba na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kiliwacho. Chombo cha mbao tupu nacho kilitaka mataruma manene yaliyokula nafasi ya shehena, na kikirefushwa kupita kiasi kilianza kupinda. Basi wahandisi wa zama zile wakavioanisha: chuma kibebe nguvu, msaji uzuie maji na ukitenge chuma na shaba. Denny waliijua vyema ilimu hiyo, maana mwaka 1869 walikuwa wameimalizia Cutty Sark, yenye umbo la namna hiyo hiyo, baada ya karakana iliyoianza kufilisika.

Mafundi wetu wa majahazi, waliolaza mkuku na kupachika mataruma kwa jicho na kamba, wakatia kalafati na kupaka deheni bila ya kuhitaji karatasi, wasingalishindwa kuyafahamu hayo lau wangalikaribishwa mezani. Sultani alinunua chombo, hakununua ilimu. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vya Seyyid Khalid bin Barghash na Waingereza, vilivyokwisha kabla ya saa kutimia, Glasgow ilizamishwa bandarini, na milingoti yake ikabaki juu ya maji hadi mwaka 1912, mabaki yalipovunjwa.

Huko Dumbarton ilimu iliendelea kuzaa. Mwaka 1883 Denny walijenga birika refu la kujaribia mifano ya merikebu, la kwanza duniani kumilikiwa na karakana ya biashara, na mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wao Edwin Mumford akasanifu helikopta.

Fikra ya kuoanisha vitu viwili nayo ikapanda angani. Kampuni ya Beech ya Marekani, ilipotaka kuunda Starship, ndege ya wafanyabiashara ya nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa gundi, iliwaajiri wahandisi wa Burt Rutan wa Mojave waunde kwanza ndege ya majaribio ya kipimo cha asilimia 85, nayo ikaruka mwaka 1983. Starship haikufana sokoni, kwani zilitoka 53 tu. Walakini Beech, tofauti na Barghash, walikuwa na wahandisi wao wa kuipokea kazi ile, na kampuni hiyo, ikiwa chini ya Raytheon, baadaye ikaunda Premier I, yenye kiwiliwili cha nyuzi hizo hizo.

Mwaka 2018 Air Tanzania ilipokea Boeing 787, ambayo takriban nusu ya uzito wake ni vitu vya jinsi hiyo, na bila shaka Visiwa hivi vitaendelea kuagiza vyombo vya bahari na vya anga kutoka ughaibuni. Basi atakayetia saini mkataba ujao, na ashurutishe ndani yake kwamba vijana wa Unguja na Pemba wakae meza moja na wasanifu tangu mstari wa kwanza wa mchoro.