Gharama ya kung'oa jino: mambo ya kufahamu kabla ya matibabu

Wagonjwa wengi huingia chumba cha tabibu wa meno wakiwa katika maumivu makali, bila ya kufahamu kinacholipiwa. Makala haya yanaeleza mambo yanayopandisha au kupunguza gharama ya kung'oa jino kwa wakaazi wa Mji Mkongwe na Unguja kwa jumla.

Mahali pa matibabu
Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali ya Zanzibar ilitangaza matibabu bila ya malipo, na hospitali za umma, ikiwemo ya Mnazi Mmoja, zimeendelea kuwa kimbilio la wananchi wa kipato cha chini. Mwaka 2023 ulianzishwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar (ZHSF), unaogharamia matibabu ya wanachama wake. Mwenye kadi ya mfuko huo au ya bima nyengine athibitishe mapema iwapo huduma anayoihitaji imo katika kitita chake. Katika kliniki binafsi, kila kituo huwa na bei zake.

Kinacholipiwa
Malipo kwa kawaida hujumuisha uchunguzi, picha ya mionzi inapohitajika, sindano ya ganzi, kazi ya kung'oa na dawa. Jino lililosimama vyema hutolewa kwa muda mfupi. Gego la mwisho lililofukiwa ndani ya taya, au jino lililovunjika na kuacha mizizi, huhitaji kupasuliwa ufizi na kushonwa, na hivyo gharama yake huwa kubwa zaidi. Mgonjwa anayo haki ya kuuliza jumla ya malipo kabla ya kuanza, na kudai stakabadhi.

Gharama ya kuchelewa
Tundu dogo lililogunduliwa mapema huzibwa, na jino likabaki. Likiachwa, maradhi hufika kwenye kiini na usaha hujikusanya. Uvimbe ukienea shingoni unaweza kuziba njia ya hewa na kuhatarisha maisha. Mgonjwa wa aina hiyo apelekwe hospitali mara moja.

Zipo pia gharama zisizoandikwa kwenye stakabadhi: nauli ya kutoka Nungwi au Makunduchi hadi mjini, siku ya kazi inayopotea, na pengo linalosababisha meno ya jirani kuinama au kuhitaji jino la bandia.

Kabla na baada
Mwenye kisukari, shinikizo la damu, ujauzito au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amueleze tabibu mapema. Baada ya kung'oa, mgonjwa aume pamba kwa takriban nusu saa, asisukutue wala kuvuta sigara kwa saa 24, kisha atumie maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Maumivu yakizidi baada ya siku mbili au tatu, arejee kituoni.

Wananchi wanahimizwa kufanya uchunguzi wa meno mapema, kwani jino linalozibwa leo huepusha gharama ya kung'olewa kesho.